Asilimia Mbili ya Nini?

Kila Desemba mosi uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia, na haufunguliwi mpaka Machi. Miezi hiyo Kashikishi, soko la samaki la Nchelenge, hupoa. Aliyeuza vizuri Oktoba na Novemba hubaki na pesa mkononi na swali moja: aiweke wapi mpaka nyavu zirudi majini?

Kuna mama mmoja mchuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa hilo, ambaye hufuata mzigo wake kisiwani Kilwa, ziwani humo. Swali hilo amelijibu kwa njia kadhaa tangu akiwa binti. Anavyokumbuka, zamani hapakuwa na mtu wa kumtoza kwa kumtunzia pesa. Palikuwa na chilimba, ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la upatu: mnachanga, mmoja anabeba, zamu inayofuata anabeba mwingine. Ada haikuwepo. Gharama ilikuwepo. Wa mwisho kubeba alikuwa amewakopesha wenzake muda wote huo bila riba, na akienda dukani na kitita chake anakuta unga wa ugali umeshapanda bei.

Baadaye vikaja vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku lao lilikuwa la chuma, lenye kufuli tatu. Funguo walikaa nazo watu watatu na sanduku likalala kwa wa nne, hivyo hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Siku ya mkutano pesa inahesabiwa juu ya mkeka, kila mtu anaona, na daftari linasomwa kwa sauti. Mwanachama ananunua hisa, anakopa kwa riba, na mzunguko ukiisha kikundi kinavunja sanduku na kugawana faida. Posho ya karani ilitajwa kwa kwacha, mbele ya watu. Pesa za simu zilipoenea alizoea jambo lilelile: bango la makato limebandikwa kibandani kwa wakala, na kabla hajatoa pesa anajua atakatwa ngapi.

Ndiyo maana alishtuka alipotembelewa na mshauri wa uwekezaji kutoka mjini. Kijana alikuwa na adabu na vipeperushi vizuri. Mpango wake ulikuwa wa muda mrefu: asilimia 5 wakati wa kuingia, kisha asilimia 2 kila mwaka.

“Mbili ya nini, baba?”

“Ya mtaji wako wote, mama.”

“Hata mwaka wa hasara?”

“Ndiyo, mama. Hata mwaka huo.”

Swali lake la kwanza lina uzito kuliko kipeperushi kizima. Asilimia mbili husikika kama chenji. Chukua kwacha 10,000 zinazokua kwa asilimia 12 kwa mwaka: baada ya miaka 20 zinakaribia 96,500. Mshauri akila mbili, ukuaji unabaki asilimia 10, na mwisho wa safari mwekezaji anakuta kama 67,300. Kwacha 29,000 na ushei zimekwenda, karibu mara tatu ya mtaji alioanza nao. Na hapo bado hatujagusa zile 500 zilizokatwa siku ya kwanza.

Kisha kuna mfumuko wa bei. Mwaka 2021 nchini Zambia ulipita asilimia 20. Mwaka kama huo, mpango unaolipa asilimia 12 humwacha mwekezaji nyuma kabla hata ada haijatajwa, na ada inamsukuma nyuma zaidi. Anayeanza lazima alinganishe ada na kinachobaki baada ya bei kupanda. Kuilinganisha na mtaji peke yake kunaficha maumivu.

Kwingine mambo yamebadilika. Uingereza ilipiga marufuku, kuanzia 2013, washauri kulipwa kamisheni na kampuni ambazo bidhaa zake za uwekezaji wanazipendekeza kwa wateja wapya. Mteja anakubaliana na mshauri wake malipo waziwazi. Tanzania ilianzisha Mfuko wa Umoja, wa uwekezaji wa pamoja, mwaka 2005, na mtu wa kipato cha kawaida akaweza kununua vipande vyake. Kenya ilikwenda mbali zaidi mwaka 2017 kwa M-Akiba: hatifungani ya serikali kwa simu, kuanzia shilingi 3,000, bila dalali wa kumbembeleza mtu.

Mchuuzi wetu hawachukii washauri, na ana haki. Mtu anayekaa nawe saa nzima, akapitia madeni yako, ada za shule na msimu wako wa uvuvi, amefanya kazi na anastahili ujira. Tatizo ni ujira unaoendelea kukatwa wakati kazi imekwisha. Kama ushauri wenyewe ni kununua dhamana za serikali, ambazo mtu binafsi anaweza kuzinunua kupitia benki yake, malipo ya mara moja yanaeleweka. Asilimia 2 ya kila mwaka haina utetezi. Sasa akitembelewa huuliza leseni ya Tume ya Dhamana na Ubadilishanaji ya Zambia (SEC), huuliza nani mwingine anamlipa mgeni wake, na hutaka kila kato liandikwe kwa kwacha, mwaka kwa mwaka, kwenye karatasi atakayobaki nayo.

Kinachomkwaza sasa ni umbali. Mshauri wa kulipwa kwa kikao kimoja amesikia yuko Lusaka, safari ndefu ya basi kupitia Mansa. Kwa hiyo kwenye daftari lake, chini ya ada, ameongeza mstari wa nauli ya kwenda na kurudi, na wa siku za biashara zitakazopotea.