Vijana Watungao Michezo ya Kompyuta

Wazazi kadha wa kadha wametujia mwaka huu wakitaka tuwape neno juu ya vijana wao walioko vyuo vikuu, ambao baada ya masomo hukusanyika katika chama cha wanafunzi wakatunga michezo ya kompyuta. Mmoja alitwambia kwa uchungu kwamba ameuza shamba la minazi ili mwanawe asome uhandisi, na sasa asikia mwana hukesha akichora majoka na kuyafundisha kuruka. Wengi wao wanalotaka ni neno moja tu, haramu, wapate la kumpelekea mtoto kwa simu na jambo liishe. Neno hilo si jepesi kulitamka. Kuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu ni dhambi kama ilivyo dhambi kuhalalisha alichokiharimisha, na mwenye kuulizwa hana budi akijue kitu chenyewe kabla ya kukihukumu.

Kwa hivyo tulimwita kijana mmoja aliyeanza Juzuu Amma mikononi mwetu hata akakhitimu, ambaye sasa yumo katika chama kama hicho, tukamtaka atueleze asili ya kazi hii. Elimu yetu ya skuli ni ya msingi tu, wala hatukuona haya kukaa kitako mbele ya mwanafunzi wetu. Aliyotusomea, pamoja na tuliyoyatafuta baadaye, ndiyo haya.

Katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, kipo chuo kikuu cha ufundi kiitwacho MIT. Tangu miaka ya 1940 wanafunzi wake walikuwa na chama cha kutengeneza reli ndogo za kuchezea. Wengine walipenda kuchora vijumba na milima ya pembeni mwa reli. Wengine waliingia chini ya meza, wakaunganisha nyaya na vipande vya mitambo ya simu vilivyokwisha tumika, ili treni nyingi zipite bila ya kugongana. Hawa wa chini ya meza ndio waliovutwa na kompyuta. Mwaka 1961 chuo kilipewa kompyuta iitwayo PDP-1, ambayo bei yake ilikuwa dola 120,000. Ilikuwa na kioo cha duara chenye kuonyesha nukta za mwanga, na kumbukumbu ndogo mno hata picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo isingeingia ndani yake.

Vijana wale walijiuliza ni jambo gani litaonyesha uwezo wa mtambo huu, wakaona kwamba ni mchezo wa majahazi mawili ya angani yanayopigana. Steve Russell ndiye aliyetwikwa kazi ya kuandika maagizo yake, naye akawa anaahirisha siku baada ya siku, akitoa udhuru kwamba hana hesabu za pembe za kulizungushia jahazi. Mwenzake, Alan Kotok, akaenda kwa waliouunda mtambo, akarudi na hesabu hizo zimetobolewa katika utepe wa karatasi, akamtilia mbele yake. Udhuru ukaisha, na mapema mwaka 1962 mchezo ukasimama. Waliuita Spacewar.

Yaliyofuata ndiyo yaliyotupendeza kuliko mchezo wenyewe. Peter Samson aliziona nyota za nyuma ya majahazi zimetawanywa ovyo. Hakuridhika, akaziweka kila moja mahali pake kama zilivyo mbinguni. Dan Edwards alitia jua katikati ya kioo lenye kuyavuta majahazi kwa kanuni ya kweli ya mvutano, hata ikawa asiyeijua kanuni hiyo huangukia ndani yake. Na wachezaji walipoanza kuumwa na viwiko kwa kuinamia swichi za mtambo, Kotok na Bob Saunders walitengeneza visanduku vya kushika mkononi kwa vipande vya mbao na swichi walizozipata katika chumba cha reli. Alichopungukiwa huyu akakileta yule. Sisi tuliozoea kuona mwanafunzi mkubwa akimshika mkono mdogo katika ubao wake hatukuona hapo jambo geni. Wala hawakuuza. Utepe wa mchezo ulinakiliwa bure ukaenda vyuo vingine, na wenye kuunda PDP-1 wakautumia kupimia mitambo yao kama iko sawa.

Fedha ilikuja baadaye. Nolan Bushnell, aliyeuona mchezo ule, pamoja na mwenziwe Ted Dabney, walitoa mwaka 1971 sanduku la mchezo unaofanana nao, lenye tundu la kutilia sarafu. Na mwaka 1972 wakaanzisha kampuni ya Atari. Biashara hiyo si haramu kwa kuwa ni biashara. Lakini tangu tundu lile la sarafu, muda wa mchezaji umekuwa bidhaa. Mchezo wa wanafunzi wale jahazi likishavunjika uliisha, na aliyeshindwa alimpisha mwenzake. Michezo mingi ya siku hizi imetungwa makusudi isiishe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliandika katika orodha yake ya maradhi ugonjwa wa mtu kushindwa kujizuia na michezo hii, na China mwaka 2021 ikaamuru kwamba watoto wasicheze ya mtandaoni ila saa moja Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu.

Taib. Dini inasemaje? Mchezo kwa kuwa ni mchezo haukukatazwa, Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Bibi Aisha (R.A.) akawatazama huku Mtume (S.A.W.) amemsitiri. Na wanavyuoni wa madhhebu yetu ya Imamu Shafi walikwisha kutafuta zamani tofauti baina ya sataranji na mchezo wa dado uitwao nardi. Sataranji waliihesabu makuruhu maadamu hakuna fedha iliyowekwa wala sala iliyopitishwa wakati wake; likiingia moja katika hayo, ni haramu. Nardi waliiharimisha. Katika sababu walizozitaja ni kwamba wa sataranji hutegemea fikra yake, na wa nardi hungojea dado limpe nini. Mizani hiyo yatutosha hata leo, ijapokuwa waliyoisimamisha hawakupata kuona kompyuta.

Sasa tazameni kitu kilichoingizwa katika michezo mingi, nasi twakiita kisanduku cha bahati. Mchezaji, na aghalabu ni mtoto, hulipa fedha ya kweli kukifungua wala hajui kimo nini ndani: huenda likatoka panga la thamani, huenda kikatoka kisichofaa kitu, naye hulipa tena. Hilo ni dado lililovishwa nguo. Mwaka 2018 tume ya kusimamia kamari ya Ubelgiji, nchi isiyohukumu kwa sharia yetu, iliamua kwamba visanduku hivyo katika baadhi ya michezo mashuhuri vimevunja sheria ya kamari. Ni ajabu ya waliojifungulia milango ya kamari wenyewe kuitambua pale ambapo sisi tumewapa watoto simu na kunyamaza.

Na jambo hili si la mbali. Kijana wetu alitueleza kwamba chama chao, wanafunzi kumi na mmoja, kimetunga mchezo wa nahodha anayesafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, na asiyejua majira ya pepo hafiki. Kampuni moja imeupenda. Imeahidi fedha ya kuwatosha wote ada ya mwaka mzima, kwa sharti la kutiwa kisanduku cha bahati, mtoto akinunue ili apate tanga bora. Wawili kati yao hawajalipa ada, na bila ya kulipa hawataingia katika mtihani. Walikuwa wamegawanyika, naye alitaka jawabu letu.

Tulimwambia kwamba mchezo wao ni kazi njema, na kwamba fedha ile kwa sharti lile haifai. Aliyapokea maneno yote mawili. Lau tungelitoa lile neno moja walilolitaka wazazi, asingepokea hata moja. Kwani kijana aliyekwisha kuambiwa kuwa nahodha, pepo na nyota ni haramu zote, ataogopa nini kuongeza kisanduku? Na mzazi amwambiaye mwanawe aikatae fedha, ajue pia kwamba ada bado inadaiwa. Baada ya sala ya Ijumaa iliyopita tuliandikisha majina ya wale wawili katika daftari la mfuko wa wanafunzi wa msikiti wetu. Fedha iliyomo haitimizi ada ya mmoja wao, na mtihani ni mwezi ujao.