Hapo Chini ni Jiko Langu

Kuna watu huota kuzunguka visiwa vya joto kwa mashua ndogo: Lamu, Pemba, minazi, tanga limejaa upepo. Sisi wa kaunti ya Nakuru tuna Naivasha. Ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, asubuhi lazima uvae koti, na kisiwa chetu, Crescent, ni ukingo wa volkeno iliyozama. Maji yakipungua, kinaungana na nchi kavu na unaingia kwa miguu. Yakijaa, utatafuta boti.

Hapo ndipo mimi huingia. Nimeendesha boti tangu 2019, na kwa kweli nusu ya safari ni kusimama. Unatoka na wageni sita, dakika kumi baadaye injini inakohoa. Gugu maji limejisokota kwenye propela. Unazima, unainua injini, unainama na kisu kukata mizizi, huku mgeni anauliza kama kuna mamba. Naivasha haina mamba. Ina viboko, na kiboko ndiye mwenye barabara. Akizama, huwezi kujua ataibukia wapi, kwa hivyo unazunguka mbali, hata kama petroli ni ya kuhesabu.

Alasiri upepo huamka. Ziwa lililokuwa kioo saa tatu asubuhi, saa tisa linakurushia maji usoni. Upepo huohuo husukuma magugu. Gati uliloacha wazi, unarudi unakuta zulia la kijani limelifunga. Wageni wana matatu ya kurudi Nairobi. Wewe una kasia moja na simu yenye chaji kidogo.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema, "Kijana wangu, ziwa halisomi saa." Tulikuwa tunacheka.

Mwaka 2020 ziwa liliingia mtaa wa Kihoto, na 2025 likaingia tena. Mito ya Malewa na Gilgil huleta maji, lakini hakuna mto unaoonekana ukiyatoa. Hutoka kwa mvuke na kupitia chini ya ardhi. Mvua ikizidi, ziwa hupanuka tu, na pembeni mwake watu wamejenga, wamepanga, wamelipa kodi.

Boti zetu za watalii zikaanza kubeba magodoro. Mitungi ya gesi, kuku, mtoto aliyevaa yunifomu. Shida zilikuwa zilezile, ila vitu vimebadilika: badala ya gugu maji, propela ilikamatwa na kamba ya kuanikia nguo. Badala ya kisiki, nguzo ya geti. Na jioni viboko walipita kati ya nyumba kama wapangaji wapya.

Siku moja nilikuwa nimembeba mama mmoja aliyerudi kuchukua milango yake, maana mlango ni pesa. Tukafika uani, akanishika mkono. "Polepole, baba. Hapo chini ni jiko langu."

Nikazima injini, nikashika kasia. Aliinama akiangalia maji ya kahawia, ingawa hakuna kilichoonekana, akanielekeza: kushoto kuna kisima, kulia kuna seng'enge, mbele kidogo kuna ngazi. Hakukosea hata mara moja. Katika miaka yangu yote ziwani, sijawahi kuwa na nahodha anayejua njia kama yule.

Tulitoa milango miwili. Wa tatu ulikuwa umevimba, ukakataa kutoka.