Bomba la Moshi

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mlioacha shule zamani na sasa mna kazi zenu, najua wengi mnazo motakaa, na wasio nazo wanazitamani. Basi nimeona nisiwafiche yaliyonipata nilipotaka kuiongezea nguvu motakaa yetu ndogo.

Nasema yetu kwa kuwa si yangu peke yangu. Ni Toyota Corolla, injini yake ni ile iitwayo 5A-FE, ya lita moja na nusu. Tuliinunua mimi na dada yangu, na ukweli ni kwamba fedha nyingi zilikuwa zake. Yeye hukaa Muyinga, hununua na kuuza maharagwe. Mimi kazi yangu iko Gitega. Kila Jumamosi hupita njia ya Karuzi kwenda kwake, nikiwa na abiria wanne na magunia, na Jumapili hurudi.

Katika miezi ya mwisho ya 2024 gari likaanza kunitia aibu. Penye tambarare lilikwenda vizuri, lakini kila nilipokanyaga mafuta mlimani, lilivuta kidogo kisha likalegea kama mtu aliyekatwa pumzi. Siku moja kati ya Karuzi na Muyinga likasimama kabisa. Abiria wakashuka, wakapanda mlima kwa miguu, na bibi mmoja akanipita huku gunia lake likiwa kichwani akaniuliza, "Mwanangu, wewe hutaki tukusaidie kulibeba na hilo?" Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Wakati huo nilikuwa nimewekewa fedha za tairi. Dada alinipa mkononi akaniambia, "Kaka, zile za mbele zimekwisha, na mvua inakuja." Nami nikaitikia vizuri sana.

Jumatatu nikaenda katika duka la vijana wanaouza vifaa vya kuongeza nguvu, vitokavyo Dubai. Lo, vitu vile vinapendeza macho! Palikuwa na chujio la hewa lenye umbo la pia, jekundu, lisilo na sanduku lake. Palikuwa na bomba la moshi, nene kama mkono wa mtu, lenye kung'aa. Palikuwa na turbo pia, na kijana mmoja akaniambia kwamba anaweza kuibadili hata kompyuta ya injini. Turbo ilinishinda bei. Nikachukua chujio na bomba, na fedha za tairi zikaishia hapo.

Jumamosi nikaondoka Gitega kwa mngurumo mkubwa. Mbwa walitukimbiza, na watoto wakapiga makofi. Nilipofika kwenye mlima uleule, gari likalegea palepale, ila safari hii lililegea kwa sauti kubwa. Dada aliponiona naingia uani alitazama tairi kwanza, kisha akasikiliza. Akasema, "Kaka, umeninunulia kelele." Hakuongeza neno, akaingia ndani. Ningependa angenigombeza.

Kesho yake akanipeleka kwa mzee mmoja fundi pale Muyinga. Nilidhani atafungua injini. Badala yake aliniuliza, "Gari linakosa nguvu siku zote, au linapokanyagwa sana tu?" Nikamjibu, linapokanyagwa sana. "Na petroli umekuwa ukinunua wapi?" Hapo nikanyamaza kidogo. Ninyi mliokuwa Burundi mwaka ule mnakumbuka uhaba wa petroli ulivyokuwa, watu wakilala na magari yao kwenye foleni. Mimi nilikuwa nikinunua ya madebe, kando ya njia.

Mzee akalifungua chujio la petroli, akalikung'utia katika bakuli. Yakatoka maji machafu yenye kutu, rangi ya chai. Akanieleza kwamba penye tambarare injini hunywa kidogo, na kidogo hicho kilipita. Mlimani ilitaka kingi, nacho hakikuweza kupita. Kisha akainua magurudumu ya nyuma na kuyazungusha kwa mkono: moja likakataa, kwa kuwa breki yake ilikuwa imeshika. Plagi nazo zilikuwa zimekwisha. Kazi yote hiyo pamoja na vifaa haikufika hata robo ya bei ya bomba langu.

Nikamwuliza habari za vitu vyangu vya Dubai. "Chujio hili," akasema, "linavuta hewa ya moto iliyo juu ya injini. Sanduku la zamani lilivuta hewa baridi kutoka mbele." Ninyi mlio bado darasani mnajua kwamba hewa ya moto ni nyepesi, na hewa nyepesi huunguza mafuta machache. Bomba nene, alisema, lina faida kwa injini inayozunguka karibu mara 6,000 kwa dakika, nami mlimani nilikuwa kwenye 2,500.

Sikukubali kushindwa upesi. Nikamwambia kwamba hata hivyo gari hili likiwa Bujumbura kando ya ziwa lina nguvu kuliko likiwa Gitega. Akasema hilo ni kweli, na hakuna fundi wa kuliondoa. Bujumbura iko kama mita 770 juu ya bahari, na Gitega kama 1,500; mgandamizo wa hewa wa Gitega umepungua karibu sehemu moja katika sita kuliko wa pwani. Turbo ndiyo hasa ingeirudisha hewa hiyo, kwa kuisukumiza ndani kwa nguvu. Lakini injini yangu hubana hewa zaidi ya mara tisa tangu kiwandani. Ukiisukumizia nyingine yataka pistoni imara, kupozwa zaidi, na petroli safi. "Nawe unakunywesha ya madebe," akamaliza, akinawa mikono.

Tulirudisha sanduku la zamani na bomba la zamani. Jumapili ile nilipanda milima yote kwa gia ya tatu, mingine kwa ya pili, bila kusimama. Lakini mvua ilinikuta Karuzi, na katika kushuka tairi za mbele ziliteleza mara mbili. Mara ya pili niliuona mtaro karibu sana na dirisha langu. Abiria wa nyuma alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nilisimamisha gari, nikangoja saa nzima mpaka barabara ikakauka, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Tairi mpya tulinunua baada ya mavuno, na safari hii dada alikwenda dukani mwenyewe. Chujio jekundu nilipata kuliuza. Bomba halikupata mnunuzi. Liko kwa dada, linazuia mlango wa ghala ya maharagwe usipigwe na upepo.