Mashine Kuukuu Haiuawi na Umri

Ukipita katika viwanja vya kufyatulia matofali pembezoni mwa Dar es Salaam, yamkini umekwisha kuiona mashine fupi na pana, yenye magurudumu manne na mikono miwili ya chuma inayoinua koleo kubwa la mchanga. Vijana huiita bobkati bila kujali imetoka kiwanda gani, kama vile kila tingatinga linavyoitwa katapila. Magurudumu yake hayakati kona. Dereva akitaka kwenda kulia huyasukuma ya kushoto na kuyazuia ya kulia, na mashine nzima huburuzika ikageuka papo hapo ilipo. Mimi na shemeji yangu tunayo moja, kuukuu, iliyokwisha kufanya kazi nchi za mbali kabla ya kufika kwetu, na kwa miaka sita sasa tunaitunza kwa mikono yetu. Ada za watoto wa nyumba mbili zinatoka humo.

Asili yake haikuwa ujenzi. Mwaka 1957 ndugu wawili mafundi wa chuma, Cyril na Louis Keller wa Jimbo la Minnesota, Marekani, walimtengenezea mfugaji wa batamzinga mashine ndogo ya kuondoa samadi bandani. Ilikuwa na magurudumu matatu. Mwaka uliofuata kampuni ya Melroe ya North Dakota iliichukua. Mwaka 1960 likatoka toleo la magurudumu manne, na jina Bobcat likaja mwaka 1962. Nayataja haya kwa kuwa waliobuni chombo hiki walikuwa mafundi wa mji mdogo, si mabingwa wa maabara, na hata sasa zile za zamani, zisizo na kompyuta, zaeleweka na mtu mwenye spana, macho na subira.

Kinachoziua aghalabu ni uchafu. Injini hukaa nyuma ya dereva, na chini yake pana sinia la chuma. Mchanga, majani na oili inayodondoka hukutana humo vikagandamana. Hewa hukosa njia, injini ikachemka, na siku waya ukichunika ukatoa cheche, yale yaliyolowa oili hushika moto. Sisi hulifungua sinia hilo na kulikwangua kila Jumamosi jioni. Rejeta nayo hupulizwa kwa hewa kutoka upande wa ndani kwenda nje, maana ukipuliza kutoka nje unazidi kuushindilia uchafu. Grisi hutiwa kila siku katika pini zote za mikono na koleo, mpaka ile chafu itoke. Mwenye kuona uvivu wa kutia grisi atanunua pini na bushi, na bei zake Gerezani anaijua kila aliyekwisha kuziulizia.

Liko jambo ambalo wengi hawalifikirii: tairi. Magurudumu mawili ya upande mmoja huzungushwa kwa cheni na mota moja, kwa hiyo ni lazima yaende mwendo mmoja. Ukifunga tairi jipya mbele na kipara nyuma, moja kubwa na jingine dogo, yatashindana kutwa nzima na cheni ndiyo itakayolipa.

Sasa nije kwenye mafuta ya haidroliki, maana hapa si fedha tu inayopotea. Shinikizo lake hupita baa 100, yaani zaidi ya mara 40 ya upepo wa tairi la gari dogo. Asubuhi moja mpwa wangu, anayejifunza kazi kwetu, aliinama kando ya mashine inayounguruma.

“Mjomba, panavuja hapa,” akasema, na kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye mpira ili akipapase.

Nilimvuta mkono kwa nguvu hata akanikasirikia. Tundu dogo kama la sindano hutoa uzi wa mafuta usioonekana kwa macho, nao hupenya ngozi. Jeraha lake huonekana kama la mwiba, pengine bila maumivu makubwa. Saa chache baadaye mkono umevimba, na mtu aweza kukatwa kidole au kiganja. Aliyepatwa na hayo hapakwi dawa akapumzika. Hupelekwa hospitali saa ile ile, aelezwe daktari kwamba ni mafuta ya shinikizo, kwani shurti apasuliwe. Sisi hutafuta uvujaji kwa kupitisha kipande cha boksi kikavu, macho yamevaa miwani. Na kabla ya kulegeza nati yoyote, koleo huwa chini, injini imezimwa, na wenzo zimechezwa mpaka shinikizo liishe.

Tuliponunua mashine hii, tuliikuta swichi ya ile fimbo inayomkinga dereva kitini imeungwa kwa waya, ili mikono iweze kuinuka hata kama hakuna mtu aliyeketi. Shemeji alitaka tuiache hivyo hivyo. “Inatuchelewesha, shemeji,” alisema, “na swichi ni pesa.” Tulibishana siku mbili. Mikono ya mashine hii hupita ubavuni mwa dereva. Anayeingia akagusa wenzo kwa goti, swichi ikiwa imefungwa hivyo, hana wa kumwokoa. Dada yangu aliyasikia mabishano yetu, akamwuliza mumewe swichi hiyo ni bei gani na yeye mwenyewe ni bei gani. Tuliinunua.

Kigingi cha kushikilia mikono ikiwa juu nacho hakikuwapo. Nimeona wenzetu wakiegemeza kwa mti au tofali, kisha mtu akaingia chini yake na spana. Sisi tulikaa wiki saba tukingoja kigingi cha kiwandani, na kwa muda wote huo hakuna aliyepenyeza hata kichwa chini ya mikono ile.

Pampu yenyewe hatuifungui. Chembe moja ya mchanga humo ndani hukwaruza chuma kilicholainishwa kwa ustadi, na kiwanja chetu chote ni mchanga; ikilalamika, tunaifungua nzima na kumpelekea fundi mwenye chumba safi. Cheni ya kushoto, hata hivyo, ni yetu. Imelegea, twasikia ikigonga kasha kila mashine inapogeuka, na mpwa ameomba Jumapili hii aifungue yeye, mimi nishike taa.