Vyumba vya Kupangisha: Tuanzie Wapi?

Wapendwa akina mama, siku hizi katika vikundi vyetu vya kanisa hapa Buzuruga kuna swali linalorudi kila mwezi: mwenye akiba ndogo afanyeje ili apate kiwanja na vyumba viwili vitatu vya kupangisha? Ni swali jema. Mshahara wa muuguzi au faida ya genge huisha pamoja na mwezi, bali chumba chenye mpangaji humsaidia mama hata akiwa mgonjwa au mzee. Yule mwanamke anayesifiwa katika Mithali 31 naye alinunua shamba, wala hakuitwa mwenye tamaa.

Wengi huanza na tofali. Ushauri wetu ni kuanza na karatasi.

Tumehudumu wodini na misibani kwa miaka mingi, nasi tumeona mengi. Mama mmoja wa kikundi chetu aliuza dagaa wa mwaloni Kirumba, akanunua saruji mfuko mmoja mmoja, hata vyumba vinne vikasimama. Karatasi ya mauziano ilikuwa na jina la mume peke yake. Mume alipofariki, kabla matanga hayajaanuliwa, shemeji zake walikuwa wamekwisha kuwaambia wapangaji kwamba kodi ilipwe kwao. Alipofika mahakamani hakuwa na risiti hata moja. Shauri la mirathi lilichukua zaidi ya miaka miwili, na binti yake akaacha chuo kwa kukosa ada.

Sheria haikumsahau mwanamke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Inakataza pia mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini angalieni jambo hili: nyumba ya ndoa ni ile mnayoishi. Vyumba vya kupangisha mtaa wa pili ni rahisi zaidi kubishaniwa, hasa vikiwa na jina moja tu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaruhusu mume na mke waandikishwe kuwa wamiliki wa pamoja, na mmoja akifariki, haki hubaki kwa aliyesalia. Zungumza na mwenzako wakati wa amani: “Baba Neema, tukiandikwa wote wawili, watoto wetu hawatasumbuliwa na mtu.” Baba mwenye upendo atakuelewa.

Sasa tutazame hatua zenyewe.

Kwanza, kioneni kiwanja kwa macho yenu, tena siku ya mvua. Mwanza yetu ni mji wa mawe na mabonde. Mlimani bei inaweza kuwa nafuu, lakini kila ndoo ya mchanga na ya maji hulipiwa ili ipandishwe. Bondeni maji ya mvua hupita mlangoni. Ufukweni, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipojaa kupita kawaida, waliojenga karibu na maji walielewa maana ya katazo hilo.

Pili, chunguzeni mmiliki. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini. Mnachonunua ni haki ya kuitumia. Kiwanja kilichopimwa kina namba yake na ya kitalu. Chukueni namba hizo mkafanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti, mjue ni cha nani na kama kimewekwa rehani. Tangu mwaka 2012 Buzuruga iko chini ya Manispaa ya Ilemela, kwa hiyo anzieni huko, ingawa karatasi za zamani zaweza kuwa na jina la Jiji la Mwanza. Kama hakijapimwa, waulizeni majirani wa pande zote nne na viongozi wa mtaa. Muhuri wa mtaa ni ushahidi kwamba mliuziana. Haugeuki kuwa hati.

Tatu, andikeni mkataba mbele ya wakili, na mke wa muuzaji atie sahihi yake. Tukitaka ridhaa yetu iheshimiwe, tusinunue machozi ya mwanamke mwingine. Nabii Yeremia (Yeremia 32) aliponunua shamba kwa Hanameli alipima fedha mbele ya mashahidi, hati ikaandikwa na kutiwa muhuri, kisha akaagiza zile nakala zihifadhiwe katika chombo cha udongo ili zidumu. Nasi tutunze hati, na kila risiti ya saruji, mchanga na mabati iandikwe jina la aliyelipa.

Nne, tupige hesabu. Tuseme vyumba vitatu vinagharimu shilingi 12,000,000, na kila kimoja kinapangishwa kwa 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,440,000. Toa 240,000 za matengenezo na miezi ambayo chumba hukaa kitupu, inabaki 1,200,000. Hivyo fedha yako itarudi baada ya miaka 10. Ukikopa fedha hiyo yote kwa riba ya asilimia 12, riba ya mwaka wa kwanza yaweza kufika 1,440,000, yaani kodi yote bila kubakiza kitu. Kwa hiyo anayeanza na ajenge kwa akiba, chumba kimoja kikamilike na kupata mpangaji kabla ya msingi wa kingine. Kumbukeni pia kibali cha ujenzi, na kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU.

Tano, jengeni vyumba ambavyo mngekubali watoto wenu walale humo. Sisi wauguzi tunajua jinsi kifua kikuu kinavyopenda chumba kisicho na dirisha, na jinsi choo kibovu kinavyoleta kuhara kwa nyumba nzima. Mpangaji mwenye afya hukaa muda mrefu na hulipa.

Akina mama wapendwa, vyumba ni kazi ya miaka, na uvumilivu ni tunda la Roho. Lakini kazi ya kwanza haihitaji fedha. Jioni ya leo, baada ya sala ya familia, toeni karatasi ya kiwanja mlicho nacho, muisome pamoja na baba watoto. Ukikuta jina lako halimo, anzeni hapo kabla ya kununua tofali jingine.