Vipande vya Ngazi

Niombwapo beti za kumlilia marehemu, hupenda kwanza kujua ameacha nini: bakora, kofia, labda kanzu tu. Ndiyo maana katika habari za Elmer Ellsworth, kanali wa Marekani aliyeuawa akiwa na umri wa miaka 24, vitu vilinishika kuliko vita.

Tarehe 24 Mei, 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vingali vichanga, Ellsworth aliingia Alexandria, katika jimbo la Virginia, pamoja na askari wake, wengi wao wazima moto wa New York. Juu ya hoteli moja ilipepea bendera ya waasi, kubwa hata ikaonekana kutoka Washington, ng'ambo ya mto. Akapanda, akaishusha. Alipokuwa akiteremka ngazi, mwenye hoteli, James Jackson, alimpiga risasi ya kifua. Papo hapo askari Francis Brownell akamwua Jackson.

Maiti ililazwa Ikulu, maana Rais Lincoln alimpenda sana kijana huyo. Kisha biashara ikaanza. Bahasha zilipigwa chapa zenye sura yake, nyimbo zikauzwa, na mjini Trenton yakatengenezwa majagi yenye picha ya kuuawa kwake. Hebu fikiri, msomaji: watu wamekaa mezani, wanamiminiwa kinywaji, na ubavuni mwa jagi kijana anakata roho! Wengine walichanja vipande vya bendera, wakabandua hata mbao za ngazi.

Siwacheki. Mwenye uchungu hutaka kitu cha kushika. Lakini aliyenunua bahasha hakumjua marehemu, na alichoshika kilimwita vitani: kikosi cha 44 cha New York kilijulikana kwa jina la Walipiza Kisasi wa Ellsworth. Kusini nako walimtukuza Jackson, wakachapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1862. Ngazi ni ile ile moja.

Bendera hiyo, iliyopunguzwa na visu, pamoja na koti lenye tundu la risasi, vimehifadhiwa katika makumbusho ya kijeshi ya jimbo la New York, huko Saratoga Springs. Hayo ninayaelewa. Lakini kama mtunzi ninaihusudu zaidi barua ambayo Lincoln aliwaandikia wazazi kesho yake. Aliwaambia kwamba hakupata kumsikia mwana wao akitamka neno chafu, na kwamba hakuwasahau kamwe. Haikuandikwa iuzwe, iliandikwa isomwe na baba na mama.