Saksafoni Ndani ya Kabati

Watu wangu, niseme ukweli: pesa za simu mpya nilinunua saksafoni. Alto ya mtumba, kitufe kimoja kinavujisha hewa. Mamangu hakuniongelesha siku mbili.

Lawama zote ziende kwa Kind of Blue ya Miles Davis, ya 1959. Niliisikiza kwa mat, jam imeshikana. Mle ndani Cannonball Adderley yuko kwa alto, ni kama anacheka; John Coltrane kwa tenori, yeye anauliza maswali tu. Nilirudia hadi bando ikaisha.

Kupiga sasa, manze! Wiki ya kwanza ilitoka sauti ya mbuzi. Kale kamwanzi ka mdomoni kakikauka hakatetemeki vizuri, lazima ukalambe kwanza. Zoezi lenyewe ni noti moja, ndefu, hadi pumzi iishe. Inaboo? Sana. Na jirani ana mtoto mchanga, kwa hivyo napigia ndani ya kabati, uso kwa makoti.

Jana jirani akanisimamisha kwa ngazi. Nikajua ni vita.

"Kijana, ile ya polepole mbona uliacha? Mtoto alikuwa ameanza kulala."

Mathe alikuwa nyuma yangu. Hakusema kitu. Leo asubuhi nimepata nguo zake zimesongezwa kando, nafasi ya kutosha kiti.